Kwa nini beki wetu akikosea tunamhukumu kuliko beki wa watani?

Mwanamsimbazi
Wadau, nina swali linalowagusa mashabiki wa Simba na wa Yanga kwa pamoja. Beki wetu akimkata mtama mshambuliaji wa watani, kijiweni tutaapa kwamba aliufuata mpira. Lakini beki huyo huyo akirudisha pasi fupi kwa kipa, watani wakafunga, kabla ya kutoka uwanjani ameshahukumiwa kwamba ameuza mechi, na hakuna anayedai ushahidi. Kosa kama hilo akilifanya beki wa Yanga, tunacheka tu na kusema kiwango chake kimeshuka. Je, kuwa mwenzetu ni kinga au ni mzigo?

Msomaji wa Saikolojia
Ndugu, ni vyote viwili, kutegemea kosa limemwumiza nani. Kuhusu kinga, Albert Hastorf na Hadley Cantril walichapisha mwaka 1954 utafiti juu ya mechi ya mwaka 1951 kati ya vyuo vya Princeton na Dartmouth vya Marekani, iliyojaa rafu. Walipoonyeshwa filamu ya mechi hiyo, wanafunzi wa Princeton waliona Dartmouth wakicheza rafu zaidi ya mara mbili ya zile walizoziona wanafunzi wa Dartmouth wenyewe.

Kuhusu mzigo, José Marques na wenzake walionyesha mwaka 1988 kwamba wanafunzi wa Ubelgiji waliwapenda Wabelgiji wenzao wenye tabia njema kuliko wanafunzi wa Afrika Kaskazini wenye tabia hiyo hiyo, ilhali Wabelgiji wenye tabia mbaya waliwachukia kuliko wageni wenye ubaya uleule. Mgeni mbaya hatutii doa. Mwenzetu mbaya anatuaibisha, na njia rahisi ya kujisafisha ni kumtenga.

Wa Jangwani Damu
Mtani, nakubali kwa sehemu tu. Shabiki aliyenunua tiketi na jezi anamdai mchezaji wake, wala hamdai wa upande wa pili, kwa hiyo sehemu ya ukali huo ni ya mdai kwa mdaiwa na haihitaji maabara.

Mwanamsimbazi
Hoja ya deni ina nguvu, lakini haielezi kwa nini shabiki mwenzangu, ambaye simdai hata senti, akiisifu Yanga hadharani anaitwa mamluki, wakati shabiki wa Yanga akisema maneno hayo hayo hakuna anayeshtuka.

Msomaji wa Saikolojia
Hapo ndipo penyewe. Beki aliyekata mtama amevunja sheria ya mchezo, lakini upande wake unajulikana. Anayeshukiwa kuuza mechi, sawa na huyo anayewasifu watani, ametia shaka mpaka wenyewe unaotutenga sisi na wao. Ndiyo maana kadi nyekundu husahaulika baada ya wiki mbili, ilhali tuhuma ya usaliti humfuata mchezaji hata akishahamia klabu nyingine.