Naomba ushauri: MGB ya 1971, nibadilishe siti za valvu?

Habari zenu wakuu. Niko Uingereza, nina MGB ya 1971, gari la michezo la Kiingereza, ile ya wazi yenye bampa za kromu. Naipenda mno. Asubuhi lazima uvute choki (inayopunguza hewa ili injini baridi iwake), usubiri injini ipate joto, kisha urudishe choki taratibu. Nikiwasha ovadraivu (gia ya ziada inayopunguza mizunguko ya injini) kwenye gia ya nne, mlio unashuka, unabaki upepo tu. Raha sana!

Shida ni mafuta. Injini hii ya cc 1798 ni ya enzi za petroli yenye madini ya risasi, iliyopigwa marufuku hapa mwaka 2000. Risasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikilinda siti za valvu, yaani sehemu ambazo valvu hukalia zikifunga. Kila nikijaza tangi naongeza dawa ya kulinda siti za valvu. Je, nifungue silinda hedi (kichwa cha injini) sasa niweke siti ngumu, au nisubiri hadi nafasi za valvu zianze kupungua, dalili kwamba siti zinalika? Aliyewahi kufanya, anielekeze tafadhali.