Tupeane uzoefu: saa ya Linux isiyokaa sawa

Wakuu, habari za jioni. Naanza na langu.

Laptopu yangu ina Windows na Ubuntu (aina ya Linux) pamoja. Nikitoka Windows kuingia Ubuntu, saa imekimbia mbele masaa matatu kamili. Miezi mizima nairekebisha kwa mkono. Kumbe Windows huandika saa ya hapa kwenye saa ya ndani ya mashine, Linux inaisoma kama UTC (saa ya kimataifa) halafu inaongeza yale matatu ya Afrika Mashariki. Niliandika `sudo timedatectl set-local-rtc 1`, yaani Linux nayo ichukulie saa ya ndani kuwa ni ya hapa, ikatulia. Nyie je?

Fundi, Mwanza: Inafanya kazi mkuu, ila timedatectl itakuwa inakupa onyo. Mimi hugusa upande wa Windows: kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), RealTimeIsUniversal naiweka 1 ili Windows nayo itumie UTC, Linux inabaki na UTC yake. Sisi hatubadili saa kwa misimu, ndugu zetu walio Ulaya ndio watasumbuka zaidi na njia yako.

Mwalimu wa kompyuta: Maabara yetu ina mashine za zamani. Jioni swichi kuu inazimwa, asubuhi zinaamka zikiwa miaka kadhaa nyuma. Brauza inakataa tovuti, inasema vyeti vya usalama havijaanza kutumika. apt, ile ya kusakinisha programu, nayo inagoma. Nikajua ni intaneti, nikanunua bando mara mbili kwa hela yangu, wanafunzi wamekaa wananitazama. Iliniuma sana. Rafiki yangu akaniuliza swali moja tu: tarehe umeiangalia? Betri za CR2032, zile bapa kama sarafu zinazoendesha saa ya ndani umeme ukizimwa, zilikuwa zimekufa, na aliyefunga mashine alizima upangaji wa saa kwa mtandao. Nilibadilisha betri zote, nikaandika `sudo timedatectl set-ntp true` kurudisha upangaji huo, saa iliposhika nikamalizia na `sudo hwclock --systohc` ili saa ya ndani nayo iandikwe.

Mhasibu: Ofisini kwetu ilikuwa ukuta wa moto (firewall, kizuizi cha mtandao). Njia ya UDP 123, inayopitisha saa ya mtandao, imefungwa, "synchronized: no" kila siku. Ilipofunguliwa, kwisha.

Mfuga kuku, Kibaha: Raspberry Pi 4 yangu (kompyuta ndogo ya bodi moja) inarekodi joto la banda la vifaranga. Haina betri ya saa. Umeme ukikatika usiku, ikiwaka bila mtandao inaendelea na saa iliyohifadhiwa mwisho, rekodi zote zinapotoka. Nimefunga DS3231, kifaa cha saa chenye betri yake.

Mwanzisha mada: Na fake-hwclock, ile programu inayohifadhi saa ya mwisho, uliiacha?

Mfuga kuku, Kibaha: Hapana mkuu, niliiondoa kabisa.