Naomba ushauri: mtoto anauliza Sinterklaas katoka wapi

Habari wakuu, naombeni ushauri hasa nyie mnaolelea watoto huku Uholanzi. Mwanangu wa darasa la pili kaanza kunibana maswali kuhusu Sinterklaas, yule mzee wa zawadi wa tarehe 5 Desemba jioni, watoto wanaweka kiatu ndani na karoti ya farasi. Wanaambiwa anakuja kwa meli toka Hispania, sasa mimi najua Mtakatifu Nikolao mwenyewe, ambaye ndiye chanzo cha Sinterklaas, alikuwa askofu wa Myra, ambayo leo ipo Uturuki, karne ya 4 huko, na mifupa yake ilipelekwa Bari, Italia mwaka 1087. Hadithi ya mabinti watatu masikini aliowarushia dhahabu usiku wapate mahari naipenda sana, hiyo namsimulia bila shida.

Shida ni Zwarte Piet, yule msaidizi wa kujipaka rangi nyeusi. Mtumishi mweusi aliingizwa na kitabu cha watoto cha mwaka 1850, wakati utumwa Suriname, koloni la Uholanzi enzi hizo, bado upo, ulifutwa 1863. Siku hizi sehemu nyingi wanapaka masizi tu usoni eti ya dohani, ila picha za zamani bado zipo na dogo kaziona.

Mke wangu anasema tuhamie kwa Befana wa Italia, bibi wa ufagio anayeleta pipi usiku wa kuamkia Januari 6, yaani tumekuwa wanunuzi wa watakatifu sasa 😂

Nimweleze hiyo historia sasa hivi au nisubiri akue? Na mliowaeleza wenu, mlianzia wapi?