Mjadala: Mawese yatoke kwenye maharage ya shule?

Wakuu, niko Mwanga, Kigoma mjini. Wiki hii kikao cha wazazi shuleni kwa mwanangu kimeishia kwenye kelele. Mzee mmoja alisimama na dumu la mawese yaliyoganda, akaligeuza juu chini, halikutoka hata tone. "Ndivyo yanavyoganda kwenye mishipa ya watoto wenu!" Anataka maharage ya mchana yapikwe kwa mafuta meupe ya dukani. Makofi yakapigwa. Nilinyoosha mkono mpaka ukafa ganzi, sikupewa nafasi, ndiyo maana nimeileta hapa.

Mawese huyeyuka kwenye nyuzi joto 35 hivi, na mwili una 37. Ya dumuni asubuhi ya baridi hayatokei kwenye damu. Ila mzee hakukosea yote. Karibu nusu ya mawese ni mafuta mgando, yale yanayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya, na Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa anayekula kilokalori 2,000, hiyo ni gramu 22 hivi. Kijiko kikubwa kimoja cha mawese kina kama gramu 7. Vijiko vitatu, umefika mpakani, na sombe, kisamvu chetu cha Kigoma, jinsi inavyoelea kwenye mafuta mnaijua wenyewe.

Upande wa pili, ule wekundu ni karotini, mwili unaigeuza kuwa vitamini A ya macho na kinga. Mtoto anayeshinda na ugali wa muhogo mweupe ataipata wapi? Msimamo wangu: yabaki, lakini yapimwe.

Mama lishe, Kibirizi: Kaka, shikamoo ya wote waliosoma. Nani anapika mawese mabichi? Mimi nayabandika mpaka yatoe moshi, wekundu uishe, ndipo natupia kitunguu. Nisipofanya hivyo mteja anasema chakula kinanuka. Sasa hiyo vitamini yako iko wapi?

Mwanzisha mada: Dada, hapo umenishika. Imeondoka na moshi. Karotini haivumilii moto wa namna hiyo, na mafuta yakishakuwa meupe mzee wa dumu ameshinda: vitamini imekwenda, mgando umebaki. Kwetu mama huyamimina kwenye sombe ikiwa inachemka, hakaangi. Maharage nayo yanakubali hivyo hivyo.

Mzazi, Kasulu: Mbona hamsemi kwamba mafuta ya dukani yanawekewa vitamini A? Kanuni za mwaka 2011 zinamtaka mwenye kiwanda aongeze. Tazameni nembo ya urutubishaji kwenye dumu.

Mwanzisha mada: Kweli kabisa, ndugu yangu, kwa dumu lililofungwa kiwandani. Shule yetu itamudu ya kupima tu, yamemiminwa kwenye chupa za maji, yamepangwa mezani jua linayapiga tangu asubuhi. Nembo haipo, na mwanga unaiua vitamini A. Tungekuwa na hela ya dumu zima lenye nembo, ningenyamaza.

Mvuvi, Ujiji: Mnagombania mafuta kwenye maharage, dagaa mmewasahau? Mtoto anamla mzima na mifupa yake, anapata protini na kalsiamu kwa mkupuo mmoja. Mtasema bei. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi Mei hadi Agosti 2024 sawa, lakini sasa?

Mama lishe, Kibirizi: Dagaa wenyewe utawakaangia nini, babu? Mawese! Haya, turudi palepale.

Mwanzisha mada: Leo nimepita jikoni shuleni, nikamuuliza mpishi anapima mafuta kwa chombo gani. Kanionyesha kopo la maziwa ya unga, lile kubwa, limekatwa mdomo kwa panga. "Nikiona sufuria inang'aa, naacha." Nimeliomba. Kikao kijacho mzee akija na dumu lake, mimi naja na kopo.