Mzee wangu ameitwa kuwa shahidi: amwite vipi hakimu aliye mdogo kuliko wanawe?

Mkaazi wa Wete
Assalamu alaykum. Baba yangu, mzee wa zaidi ya miaka 70, amepokea hati ya wito wa Mahkama ya Wilaya kutoa ushahidi katika shauri la fidia ya mikarafuu iliyokatwa. Hajapata kusimama mahkamani, na hakimu anayelisikiliza shauri hilo ni mwanamke kijana, ambaye kwa mazowea yetu mzee angemwita "mwanangu" bila ya kukusudia kumvunjia heshima. Kinachomtia wasiwasi zaidi ni kuinama: amesikia kuwa kila anayeingia humwinamia hakimu, naye anasema rukuu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Naomba wenye uzoefu watuelekeze.

Karani Mstaafu
Waalaykumu ssalaam. Amwite "Mheshimiwa Hakimu", au "Mheshimiwa" tu, hata kama alimpakata alipokuwa mchanga. "Mwanangu" likimponyoka asibabaike, aendelee na ushahidi wake. Mahkama Kuu husemwa "Mheshimiwa Jaji", na kwa Kadhi husemwa "Mheshimiwa Kadhi", ingawa huko wengi wetu "Sheikh" ndiyo hututangulia mdomoni.

Ama kuinama, mzee asitaabike. La lazima ni kusimama hakimu anapoingia na anapotoka, na vilevile anaposemeshwa naye. Mawakili huinamisha kichwa kidogo, ada iliyorithiwa kwa Waingereza, lakini sijapata kuona shahidi akikaripiwa kwa kutofanya hivyo.

Wakili wa Chake
Naongeza jambo ambalo kwangu mimi ni zito kuliko jina la kumwita. Wazee wetu wakiulizwa huanzia mbali: mzee ataulizwa kama alimwona mdaiwa akikata mikarafuu, naye ataanza kueleza ni nani aliyeipanda na shamba lilirithiwa vipi. Ajibu kilichoulizwa tu, kwamba alimwona, au hakumwona bali aliambiwa, kwa sababu hayo mawili hayapimwi sawa. Swali litatoka kwa wakili, lakini jibu alielekeze kwa hakimu, ambaye katika mahkama zetu nyingi huuandika ushahidi kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo aitazame kalamu, na akiona bado inakwenda angoje isimame ndipo aendelee. Wakili wa upande wa pili akisimama kuweka pingamizi, anyamaze mpaka hakimu atoe uamuzi. Asipofahamu aseme, "Mheshimiwa, sikulifahamu swali, naomba lirejewe", wala asikisie. Na mdaiwa akimkera, hata kwa maneno ya uzushi, asijibizane naye pale.

Mkaazi wa Wete
Ahsanteni sana, nimemsomea yote. Ana maradhi ya magoti, hawezi kusimama muda mrefu. Tena jamaa wa huyo hakimu ni majirani zetu. Je, si adabu apite kwanza kumwamkia na kumweleza hali yake?

Karani Mstaafu
Asiende, wala asimtume mtu, kwa kuwa mdaiwa akipata habari ataweza kudai kuwa hakimu ana upendeleo na kumtaka ajitoe katika shauri. Hali yake aiseme palepale mahkamani, akishaitwa na kabla ya kuapa: "Mheshimiwa, naomba ruhusa nikae, magoti yananiuma." Mkipenda, mwelezeni karani mapema asubuhi hiyo ili kiti kiwekwe tayari. Mpaka atakapoitwa atangojea nje, kwani shahidi hatakiwi kusikia wenzake wanavyosema, na simu yake aizime kabla ya kuingia.