Mjadala: Kijana wa Unguja na Pemba anayejifunza tovuti, aanze kwa kuandika HTML au kwa zana za kuburura?

Mtoa mada, Mwembeladu

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naomba tulijadili hili kwa uwazi, maana naona vijana wengi wanaingia kwenye kazi ya tovuti na kila mmoja anaoneshwa njia yake. Kijana akitaka kujifunza, tumuanzishe na programu ya maandishi matupu, Notepad++ au Visual Studio Code, aandike HTML (alama zinazopanga ukurasa) na CSS (maelekezo ya rangi na muonekano) kwa mkono wake? Au tumpe Wix (huduma ya kujengea tovuti mtandaoni), au WordPress (programu ya kuendeshea tovuti) yenye Elementor (nyongeza yake ya kuburura), aburure picha na vibonyezo mpaka ukurasa upendeze?

Mimi nasema maandishi kwanza, na ningependa vituo vya mafunzo ya amali, kuanzia Mkokotoni mpaka Vitongoji, vifuate njia hiyo.

Sababu ya karibu ni umeme na bando. Ukurasa wa HTML ni faili tu. Unaliandika, unalihifadhi, unalifungua kwenye brauza hapo hapo bila ya intaneti. Umeme wa Unguja unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara, na wa Pemba unatoka Tanga vivyo hivyo tangu 2010. Waliokuwepo Disemba 2009 wanakumbuka Unguja ilivyokaa gizani mpaka Machi. Sasa hali si ile, lakini umeme ukikatika na ruta ikazima, anayejenga ndani ya Wix kazi yake imesimama. Wa Notepad++ anaendelea mpaka betri ya laptopu iishe.

Sababu kubwa khasa ni nyengine: kazi ni ya nani? FrontPage, programu ya kujengea tovuti ambayo Microsoft waliinunua 1996, toleo lake la mwisho likawa la 2003. Adobe Muse, nayo ya kujengea tovuti, ilipendwa sana na watu wasiotaka kugusa msimbo, na 2018 Adobe wakatangaza kuiacha. Google waliwapa wenye biashara ndogo tovuti za bure kupitia wasifu wa biashara zao, wakazizima zote Machi 2024. Na tovuti ya Wix huwezi kuibeba ukaiweka kwenye seva ya kampuni nyengine. Wix wenyewe wanaeleza hivyo. Wakati huo huo nakala ya kurasa za mwanzo za Tim Berners-Lee, aliyebuni mtandao huu wa kurasa, pale kituo cha utafiti cha CERN, za mwanzoni mwa miaka ya 1990, inafunguka mpaka leo kwenye simu yoyote. Ni maandishi tu.

Karibuni.

—

Mwenye nyumba ya wageni, Jambiani

Waalaykum salaam kaka. Nimekusoma vizuri, lakini unaongea kama fundi. Niruhusu niongee kama mwenye biashara.

Tovuti yangu ya mwanzo iliandikwa kwa mkono, tena na kijana hodari. Ilikuwa nyepesi, inafunguka upesi, kila mtu aliisifu. Kijana akapata kazi bara, akaondoka. Bei zangu za masika si bei za Julai na Agosti, na mimi sikujua hata faili lenye bei liko wapi. Msimu mzima tovuti inaonesha bei ya chini, mgeni anafika na karatasi mkononi, nami siwezi kumwambia kwamba tovuti yangu inasema uongo. Nikawapa kwa bei ile ile.

Leo niko WordPress. Bei naibadilisha kwa simu nikiwa jikoni. Na kwetu sisi tovuti ni mshahara: mgeni akipitia mitandao mikubwa ya kuuzia vyumba, kamisheni inakatwa, akija moja kwa moja kwangu, hela yote inabaki Jambiani. Kwa hivyo ukinifundishia kijana anayejua kuandika tu, akanijengea kitu ambacho mimi mwenyewe siwezi kukigusa, mimi ndiye ninayeumia.

—

Fundi wa tovuti, Darajani

Namuunga mkono dada wa Jambiani, na nina la kuongeza kuhusu huo wepesi, kwa sababu unatajwa sana bila ya kupimwa.

Kinachofanya ukurasa uwe mzito mara nyingi ni picha. HTML yenyewe ni kilobaiti chache. Mwanafunzi wa Notepad++ anachukua picha ya ufukwe wa Nungwi kama ilivyotoka kwenye simu, megabaiti nne au tano, anaibandika. Kwenye skrini inaonekana ndogo, lakini mgeni kaishusha yote kwa bando lake. WordPress tangu toleo la 4.4, Disemba 2015, inatengeneza picha ile ile kwa ukubwa tofauti na kuiachia brauza ichague inayolingana na simu. Mwanafunzi hakuomba, kafanyiwa.

Halafu tusimfanye Berners-Lee shahidi wa upande mmoja. Programu yake ya 1990 ilikuwa ya kusomea na ya kuandikia kurasa pamoja. Mtu aliandika kwenye dirisha kama anavyoandika barua, alama za HTML hazioni. Kuficha alama kumeanza na mwenye mtandao mwenyewe.

—

Mtoa mada, Mwembeladu

Dada yangu, pole kwa msimu ule. Hoja yako naikubali yote, ila inamhusu mwenye tovuti, na mimi nauliza juu ya anayejifunza ufundi. Wewe una haki ya kubadilisha bei yako bila ya kumpigia simu mtu, na fundi aliyekuachia faili bila ya kukuonesha lilipo hakuimaliza kazi. Fundi anayejua maandishi ndiye anayeweza kukujengea WordPress ambayo haitokukwamisha.

Ndugu wa Darajani, hilo la picha ni kweli na nakushukuru kwa kulileta. Lakini tazama WordPress inafanya nini: inaandika mstari wa srcset (orodha ya picha ile ile kwa ukubwa tofauti) ndani ya HTML. Kijana anayeujua mstari ule ataukagua ukikosekana, maana kuna templeti (miundo ya ukurasa iliyotengenezwa tayari) zinaupita zikaweka picha kubwa kama mandhari ya nyuma. Asiyeujua ataambiwa na mteja kwamba tovuti nzito, naye ataongeza plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya kuharakisha, na tovuti itazidi uzito.

Nakiri pia kwamba WordPress na Wix si kitu kimoja. WordPress ni programu huria tangu 2003. Unaweza kuchukua mafaili na kanzidata (hifadhi ya taarifa za tovuti) ukahamia seva nyengine. Nilizitaja pamoja kwa sababu mwanafunzi anazikuta kwa sura moja. Kwa umiliki zinatofautiana sana.

—

Mwalimu wa skuli, Wete

Nyote mnazungumza kana kwamba kila kijana ana laptopu. Wanangu hapa wana simu, tena wengine ya kuazima kwa kaka. Kwenye simu alama zile mbili za HTML, < ya kufungulia na > ya kufungia, zimefichwa ukurasa wa pili au wa tatu wa kibodi. Kuandika hata fomu ndogo ni mateso. Anayetaka maandishi kwanza na atuambie kompyuta zinatoka wapi.

Hata hivyo naanza na maandishi, na naanza ubaoni. Nachora kichwa cha habari, aya, orodha, picha. Wanaandika alama zake kwa kalamu kwenye daftari, kisha wanasomeana na kusahihishana. Chuoni mtoto anaanza na alifu be te kabla ya kuunganisha, na asomaye kwa kukariri tu utamjua siku utakapomfungulia ukurasa mpya.

Kuna jambo hamjaligusa na mimi linanikera. Ukurasa wa HTML una sehemu ya kutaja lugha yake: lang="sw" ni Kiswahili. Templeti nyingi zinakuja zimeandikwa Kiingereza, na anayeburura hajui hata kwamba sehemu hiyo ipo. Asiyeona anatumia programu ya kumsomea skrini; ukurasa ukidai ni wa Kiingereza, Kiswahili chetu kinasomwa kwa matamshi ya Kiingereza, na mtu haelewi kitu. Vivyo hivyo picha isiyo na maelezo ya alt, yaani maneno anayosomewa asiyeiona picha. Zana zina nafasi ya kuyaweka haya, lakini anayajaza aliyefundishwa kwamba yapo.

—

Kijana, Chake Chake

Shikamooni wakubwa. Mimi naishi kwa kazi hizi. Mteja anakuja Jumatatu anataka tovuti Ijumaa, anataka ipendeze, na bei anayotaja haifiki mbali. HTML naijua. Lakini nikiandika kwa mkono, mwenzangu wa Elementor kashamaliza na kalipwa. Nani atanilipa muda huo?

—

Mtoa mada, Mwembeladu

Marahaba mdogo wangu. Hakuna atakayekulipa kwa kuandika kwa mkono, na mimi sikutaki ufanye hivyo kwa kila mteja. Mjengee kwa WordPress ukamilishe Ijumaa. Ulichojifunza kwenye maandishi kitakulipa siku tovuti ya mwenzako itakapovurugika baada ya plagini kusasishwa, mteja akatafuta mtu wa kuifungua ndani akaona kilichoharibika.

Mwalimu wangu wa Wete, nimebadilika kwenye hili lako la ubaoni. Nilikuwa nafikiria maabara ya kompyuta ndiyo sharti la kuanzia. Sasa pendekezo langu ni hili: mwanafunzi aanze kwa daftari na ubao, halafu ajenge ukurasa mmoja mzima kwa maandishi, tuseme orodha ya bei za nyumba ya wageni, yenye lang="sw", picha zilizopunguzwa na alt, na mstari wa viewport ili isomeke kwenye simu. Akishamaliza huo apewe WordPress. Na asipewe cheti mpaka afundishwe makabidhiano: mteja aondoke na nywila zake, nakala ya mafaili, na domeni (anwani ya tovuti) iliyosajiliwa kwa jina la mteja mwenyewe.

—

Mwenye nyumba ya wageni, Jambiani

Hapo kwenye domeni umenishtua. Yangu ilisajiliwa na yule kijana wa mwanzo, kwa jina lake na barua pepe yake. Nalipa kila mwaka kupitia kwake. Nifanyeje?

—

Fundi wa Darajani

Dada, mpigie leo wakati mna maelewano mazuri. Mwambie aingie kwa msajili wa domeni abadilishe jina la mmiliki na barua pepe viwe vyako, kisha akuanzishie uhamisho kwenye akaunti yako. Ukishahamisha, badilisha nywila na uweke namba yako ya simu. Usingoje tarehe ya kulipia ifike: ikipita bila ya malipo domeni inazimwa, na ikishaachiliwa mtu yeyote anaweza kuichukua. Akikubali, nitafute, nitakaa na wewe mpaka iwe kwa jina lako.