Nimeambiwa nilichoandika ni orodha: utanzu (aina ya kazi ya sanaa) huchambuliwaje?

MlaMahamri: Asalaam aleikum wandani. Niko mwaka wa pili, masomo ya habari, hapa Mombasa. Kazi ni kuchambua video tatu za taarabu ya kisasa, kisha nitengeneze yangu. Nimejaza kurasa nne: dera, dhahabu, makochi, bahari. Mwalimu kaandika tu "hii ni orodha". Nianzie wapi?

Mhariri_Kibokoni: Waaleikum salaam. Mwalimu ana haki. Umetaja viungo, hujasema vimepikwaje. Mtaalamu wa filamu Rick Altman alitenganisha mambo hayo mwaka 1984: kuna vitu vinavyoonekana, na kuna muundo unaoviunganisha. Dera la bi harusi na dera la anayempiga mwenzake kijembe ni nguo moja, kazi mbili.

Kwa video za muziki mshike Andrew Goodwin, aliyeandika kitabu juu yake (1992). Swali lake kubwa: picha inaonyesha yale yale yanayoimbwa, inayaongezea, au inakwenda kinyume nayo?

Sasa chora jedwali la safu tano: muda, ukubwa wa shoti (kipande cha picha kati ya mkato na mkato), mwendo wa kamera, maneno yanayoimbwa, uhusiano wa picha na maneno. Sekunde 60 za kila video zatosha, maana wimbo wa taarabu waweza kukuchosha kabla hujafika kibwagizo cha pili. Raundi ya kwanza zima sauti, la sivyo utaandika maneno badala ya picha. Hesabu shoti: zikiwa 12, wastani ni sekunde 5. Kisha tafuta ile iliyokaa sekunde 11 na ujiulize kwa nini haikukatwa. Tuseme mwimbaji anamsema "jirani", kamera imemganda mwanamke anajipepea, na jirani mwenyewe haonekani mpaka mwisho. Fumbo la taarabu halimtaji mlengwa. Hapo kamera nayo imefumba. Hiyo ni aya nzima, na dera hujaligusa.

Bi_Lenzi: Naongezea upande wa kupiga. Kinachoharibu kazi nyingi za wanafunzi ni mdomo kuachana na sauti. Cheza wimbo uliokamilika kwenye spika, mwimbaji aimbe kwa sauti hasa, maana akichezesha midomo tu shingo haikazi na inaonekana. Sauti ya kamera iwashe hata kama hutaitumia. Ndiyo ya kulinganishia mawimbi ya sauti na wimbo wenyewe ukihariri.

Weka kamera fremu (picha) 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, sekunde 1/50. Umeme wetu ni hezi 50, na ukiweka 1/60 baadhi ya taa za ndani zitapepesa. Ukitaka mwendo wa pole, piga fremu 50 na wimbo uchezwe kasi maradufu. Ukirudisha 25, mdomo unakaa pake.

Na joto letu hili: kamera ikitoka kwenye kiyoyozi, lenzi inashika ukungu. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kuitoa nje, na usiufungue mpaka ipate joto la nje, kama nusu saa. Usiifute, utapaka maji tu.

MlaMahamri: Shukran sana. Na Mji wa Kale, kibali?

Mhariri_Kibokoni: Sheria ya filamu, sura 222, yataka leseni, kwa hivyo anza na barua ya chuo. Fort Jesus iko chini ya Makavazi ya Kitaifa, hiyo ni ruhusa mbali. Vichochoroni piga hodi kabla ya kutega kamera mlangoni pa mtu.

Bi_Lenzi: Na uende asubuhi. Saa sita jua liko utosini, macho ya mwimbaji yanakuwa mashimo mawili meusi.